Ushauri: Studio inataka michoro yangu ya gemu ifundishie AI, nisaini?

BrashiYaPwani

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa mkataba kabla ya Ijumaa. Niko Mombasa, anayetoa kazi ni studio ndogo ya Nairobi inayotengeneza gemu ya 2D kuhusu safari za majahazi kati ya Lamu na Zanzibar.

Kazi yenyewe: wahusika 12, spraiti (picha ndogo za mhusika anavyotembea kwenye gemu) za pikseli 48×48, kutembea fremu 6 na kusimama fremu 4, pande nne. Kila mhusika awe na picha ya uso ya pikseli 512×512 ya kutokea kwenye mazungumzo. Mandhari 4: bandari, mtaa wa mji wa kale, sitaha ya jahazi, na sebule.

Vipengele vitatu vinanitatiza. Cha 7: "haki zote za kazi, za sasa na za baadaye, ni za Studio, ikiwa ni pamoja na kuitumia kufundishia mifumo ya kompyuta." Cha 9 kinataka faili zote pamoja na leya (matabaka ya mchoro) na rasimu. Cha 11 kinasema mandhari zitakuja zimeshatengenezwa na AI, mimi nizisafishe kwa nusu ya bei ya mchoro mpya.

Nikinyamaza, hakimiliki ni ya nani? Cha 7 nikikate kizima au nikirekebishe? Na hiyo nusu bei inalipa?

WinoNaKaratasi

Swali la kwanza ndilo wasanii wengi wa Kenya wanalikosea. Wanaamini aliyechora ndiye mwenye mali. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinaanza hivyo hivyo, kwamba hakimiliki ni ya mtunzi, halafu kinaweka sharti: kazi ikiwa ya kuagizwa, au ya mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, ila kama makubaliano yenu yanazuia au kupunguza uhamisho huo. Kazi yako ni ya kuagizwa. Ukikata cha 7 chote na kuacha mahali pake patupu, michoro bado ni ya studio, na studio ikishakuwa mwenye mali haihitaji ruhusa yako kufundishia chochote. Kwa hiyo usikate. Badilisha, uandike hivi au kwa maneno yanayokaribia haya:

"Kinyume na uhamisho unaotajwa katika kifungu cha 31, hakimiliki ya michoro inabaki kwa Msanii. Malipo ya mwisho yakishapokelewa, Studio inapata leseni ya kipekee ya kutumia michoro ndani ya gemu hii, matoleo yake kwenye vifaa vingine, na matangazo yake. Leseni haijumuishi kutumia michoro, faili za leya wala rasimu kufundishia, kurekebisha au kupima mfumo wowote wa kuzalisha picha, wala kumkabidhi mtu mwingine kwa kusudi hilo. Sharti hili linamfunga pia yeyote atakayenunua Studio au gemu."

Sentensi ya mwisho usiiache. Studio ndogo hununuliwa, na mnunuzi husoma mkataba kutafuta kisichosemwa. Leseni ya kipekee lazima iwe kwa maandishi na saini yako. Maneno ya simu hayahesabiki.

Wakisisitiza kununua hakimiliki yote, si mwisho wa dunia, ila panda bei na ubakize katazo la kufundishia kama ahadi ya mkataba. Ujue tofauti yake: ukiwa na hakimiliki unaweza kumdai hata mtu wa tatu aliyechukua faili, ukibaki na ahadi tu, unamdai studio peke yake.

Kisichouzika ni haki za kimaadili za kifungu cha 32: kutajwa kuwa mtunzi, na kupinga kazi yako kupotoshwa kwa namna inayokuvunjia heshima. Hazihamishiki ukiwa hai. Andika jina lako lionekane vipi kwenye orodha ya watengenezaji wa gemu.

FremuSita

Naongezea kwa nini cha 7 na cha 9 vimewekwa pamoja. Kurekebisha mfumo wa picha ufuate mkono wa msanii mmoja, kwa njia inayoitwa LoRA, hakuhitaji maelfu ya picha. Picha 20 au 30 safi, za mtindo mmoja, zenye maelezo mazuri, zinatosha kupata matokeo yanayofanana na mkono wako. Sasa hesabu unachokabidhi. Ukichora pande tatu na kugeuza moja kama kioo, kutembea ni 12×3×6, fremu 216. Kusimama ni 12×3×4, fremu 144. Jumla 360, juu yake nyuso 12 kubwa, na rasimu zinazoonyesha umefikaje pale. Hizo nyuso ndizo hatari hasa, maana ndizo zinazobeba mkono wako: unavyokunja kitambaa, unavyoweka mwanga kwenye paji la uso. Mtu akiwa nazo, gemu ya pili haitakuhitaji wewe.

Cha 9 ukipunguze, usikikatae chote. Studio ina sababu halali ya kutaka faili za Aseprite (programu ya kuchora pikseli) zenye fremu na lebo za mwendo, kwa sababu mtengeneza programu atahitaji kubadilisha kasi ya fremu au kuongeza mwendo wa kuruka. Wape hizo. Za nyuso toa PNG ya mwisho na toleo lenye leya tatu: mandharinyuma, mwili, uso. Rasimu zibaki kwako.

Halafu angalia hiyo kugeuza kioo. Kwenye spraiti ya 48 haionekani, lakini uso wa 512 wa mwanamke aliyejitanda kanga ukiugeuza, jina la kanga linasomeka kinyumenyume. Mchezaji wa pwani ataliona siku ya kwanza. Weka kanga kwenye leya yake, geuza uso, kanga uichore upya.

TangaNaForomali

Nijibu cha 11. Nusu bei hailipi, na sababu ni za kiufundi kabisa.

Picha ya AI inayoitwa ya pikseli mara nyingi si ya pikseli. Ukiikuza mara nane utaona miraba haiko kwenye gridi moja: mmoja una upana wa 7, wa pili 9, kingo zimefifia. Rangi ni mamia au maelfu wakati paleti ya gemu huenda ni 32. Hatua zenyewe: tafuta ukubwa wa mraba unaojirudia zaidi, punguza picha kwa njia ya jirani wa karibu (usitumie njia ya kulainisha, itazaa rangi mpya), lazimisha paleti, kisha pitia kila ukingo kwa mkono. Hapo kingo za paa zitakuwa na meno, na maeneo ya kivuli yatakuwa na madoadoa ya pikseli moja moja. Kuyafuta hayo ndiko kunakokula saa.

Bado hujagusa makosa ya maudhui, na kwa gemu ya majahazi hayo ndiyo mabaya zaidi. Jahazi lina mlingoti ulioinamia mbele na tanga la pembetatu linaloning'inia kwenye foromali (mti wa tanga), na foromali inapandishwa kwa henza, yaani kamba yake. AI hupenda kuchora matanga ya mraba ya meli za Ulaya, au tanga lisilofungwa popote, au kamba inayoishia hewani. Milango ya mji wa kale inakuja na nakshi inayoyeyuka, na maandishi ya kanga si lugha yoyote. Hivyo huvisafishi. Unavichora upya juu ya picha mbovu, ukifuata mtazamo ambao labda nao umepinda.

Dai hivi: kusafisha kulipwe kwa saa, chini isiwe saa 4 kwa kila mandhari, na ikivuka saa 8 una haki ya kuitupa na kuchora mpya kwa bei kamili. Au waambie wakuletee rasimu ya AI kama maelezo tu ya wanachotaka, wewe uchore kutoka mwanzo. Kwangu hili la pili ni bora, na sababu nyingine iko kwenye umiliki. Mwenzetu mwingine aeleze.

WinoNaKaratasi

Naeleza mimi. Kwa Kenya, sheria inamtambua kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi ipatikane, kwa hiyo studio inaweza kujitetea hapa nyumbani. Marekani hali ni nyingine. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya huko iliamua kuhusu kitabu cha katuni kilichotumia picha za Midjourney, programu ya AI ya kuzalisha picha: maneno na mpangilio wa kurasa vikalindwa, picha zenyewe hazikulindwa. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha kwamba mtunzi lazima awe binadamu. Gemu yenu ikiuzwa Steam, duka ni la Marekani. Mwizi akichukua bandari iliyotoka kwa AI na kuiweka kwenye gemu yake, ombi la kuiondoa linasimama kwenye mguu mmoja; akichukua nahodha uliyemchora wewe, linasimama kwa miwili. Mwambie mwenye studio maneno haya hasa, kwa sababu hapo haumwombi hisani, unamwonyesha mali yake inavujia wapi.

BrashiYaPwani

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Mawili yamebaki: ushahidi kwamba nimechora kwa mkono niuhifadhi vipi, na Steam wanataka studio iseme nini?

FremuSita

Ushahidi. Krita, programu ya kuchorea, kuanzia toleo la 5.0 ina kinasa cha ndani. Kiwashe kabla ya mstari wa kwanza, kwa sababu hakirudi nyuma, na kama toleo lako ni la kabla ya 5.2 uweke pia FFmpeg, programu ya video, ili kitoe video. Kila wiki tunza nakala ya .kra au .aseprite kwa jina lenye tarehe, usihifadhi juu ya ile ya zamani. Siku ya kukabidhi, tengeneza alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaoitambulisha (Windows: certutil -hashfile jina.kra SHA256; Linux: sha256sum jina.kra) na uitume orodha kwa barua pepe ileile ya kukabidhi. Pikseli moja ikibadilika alama inabadilika yote, hivyo nakala hiyo usiifungue na kuihifadhi tena. WhatsApp usitume kama picha: inabana na kufuta taarifa za faili. Tuma kama hati.

Sajili nyuso 12 KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Cha 7 kikishabadilishwa, haki unayo tangu ulipochora, ila cheti ni ushahidi wa kuanzia ukifika mbele ya mtu.

Picha za kuonyesha mtandaoni weka ndogo, na zile za 512 unaweza kuzipitisha Glaze, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Chicago. Spraiti usizipitishe, itavuruga paleti. Na usiitegemee kama kufuli. Watafiti wameshaonyesha njia za kuiondoa.

TangaNaForomali

Steam tangu Januari 2024 wanauliza mambo mawili: maudhui yaliyotengenezwa na AI kabla ya kuuza, na yanayozalishwa mchezaji akiwa anacheza. Jibu linaonekana kwenye ukurasa wa gemu. Mandhari za cha 11 zinaingia kwenye la kwanza hata ukizisafisha. Usikubali kusaini popote kwamba "sanaa yote ni ya mkono" kama hizo zipo.

Na picha za AI za kushikia nafasi, za muda hadi mchoro halisi upatikane, ziogopwe. Desemba 2025 gemu ya Kifaransa Clair Obscur: Expedition 33 ilinyang'anywa tuzo zake za Indie Game Awards kwa sababu AI ilitumika kwenye utengenezaji wake, licha ya kwamba picha husika ziliondolewa kwa sasisho baada ya kutoka. Waombe kila faili ya muda ianze na TMP_, na toleo la kuuza likatae kujengwa ikibaki hata moja.

KisiwaniDar

Kwa wasomaji wa Tanzania: msibebe kifungu cha 31 cha Kenya. Kwetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na usajili ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mkataba ukivuka mpaka, uandike sheria ya nchi ipi inatumika.

WinoNaKaratasi

Basi leo tuma barua pepe moja, si tatu: cha 7 kimebadilishwa, cha 9 kimepunguzwa, cha 11 kina bei ya saa, na amana ya asilimia 40 kabla ya fremu ya kwanza. Wakikubali vyote isipokuwa katazo la kufundishia kwenye cha 7, usianze kuchora.