Mafundi wa Goma, acheni kuziba vali ya boila, mtaua watu!

Ndugu zangu, nimeshindwa kunyamaza. Boila yetu ya lita 80, lile tangi la umeme la kupashia maji ya kuoga, ilianza kudondosha maji bafuni, mwenye nyumba akatuma fundi wake. Fundi akatazama kidogo, akatoa kizibo cha chuma, akakizungushia utepe wa tefloni, akakikaza kwenye mdomo wa vali ya usalama, akachukua dola zake akaenda. Maji yakakoma. Mwenye nyumba akapiga simu kwa furaha: "Si mmeona, imepona!"

Imepona nini? Mmetutegea bomu ukutani, watoto wanaoga chini yake!

Nilimwuliza yule fundi kwa heshima kabisa kama hapo si ndipo boila inapopumulia. Akanijibu: "Mama, unataka maji yasitoke ama unataka masomo?" Basi masomo ni haya, na ayasome.

Maji yakipata moto huongezeka. Lita 80 zikitoka digrii 15 kufika 65 zinaongezeka karibu lita moja na nusu, na tangi la chuma halitanuki kuzipokea. Ndiyo maana pale chini maji baridi yanapoingilia kuna vali: kwa kawaida presha ikifika bari 7 (bari ni kipimo cha presha) inafunguka, inatema kidogo, inajifunga. Kudondosha wakati boila inapasha ni kazi yake! Sasa umeiziba. Siku themostati, kile kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto, ikikwama, umeme haukatiki. Hapa kwetu kando ya Ziwa Kivu, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, sufuria inachemka kwenye digrii 95 hivi. Ndani ya tangi lililozibwa maji yanapita 100, yanapita 120, na bado ni maji, maana presha inayazuia kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na lita moja tu ikigeuka yote inatoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Hakuna ukuta wa bafu unaozuia kitu hicho.

Kama vali inadondosha hata boila ikiwa imezimwa na kupoa, hapo kuna shida kweli: ama presha ya bomba ni kubwa mno, ama uchafu umekaa ndani. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi nyingi, tazameni ule ukoko mweupe ndani ya birika zenu. Ukoko huohuo unagandisha vali. Fundi wa kweli angezungusha kile kitasa chake maji yaisafishe, ikikataa anaweka mpya. Na kama maji yanatoka kwenye mwili wa tangi lenyewe, yana rangi ya kutu, tangi limekwisha. Silikoni, ile gundi ya kuzibia, haitaliponya, hata akipaka kopo zima.

Lakini hayo yote yanahitaji fundi apime kwanza, na huyu hakupima kitu. Hakuzima hata umeme! Mikono imelowa, waya wa boila uko pale.

Sasa mwenye nyumba anasema kizibo kikitolewa, bei ya vali mpya itakatwa kwenye garanti yetu, zile pesa za amana tulizomwachia tulipopanga. Kwa nini? Boila tuliikuta, vali tuliikuta, fundi ni wake. Mimi nimezima boila kwenye kisanduku cha umeme, na hakuna atakayeiwasha tena nyumbani kwangu mpaka kizibo kile kitoke. Tunapasha maji ya kuoga kwenye jiko la makala, na makala nayo inanunuliwa. Hizo pesa nani anazirudisha?

Mlio Himbi, Katindo, Keshero, popote penye boila, ingieni bafuni leo mtazame chini yake. Mkikuta mdomo wa vali umezibwa, zimeni umeme kwanza, kisha mwiteni aliyeuziba auzibue bure. Na anayejua duka la Birere lenye vali halisi, iliyoandikwa bari 7 kwenye mwili wake, aniandikie hapa pamoja na bei, maana nataka nimpelekee mwenye nyumba.