Dansette, radiogramu ya Grundig au sanduku la RCA: ipi ifufuliwe hapa Lamu?

Mkomani_Santuri
Assalaam aleikum. Marehemu ami yangu ameniachia santuri nyingi: 78 za taarab ya zamani, na 45 zilizotolewa Mombasa (namba ni mizunguko ya sahani kwa dakika). Nataka mashine ya santuri ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, tena nzima, ya kusikilizwa kila Ijumaa, si pambo la sebuleni. Nimeonyeshwa tatu. Kuna Dansette ya Uingereza, ya kubeba mkononi, iko Mombasa, kuna radiogramu ya Grundig (redio na santuri kabati moja) kwa mtu huko Malindi, na kuna sanduku la RCA Victor ambalo jamaa yangu yuko tayari kulituma kutoka Marekani. Bei zinakaribiana. Nyumba yangu inatazama bahari. Mngechukua ipi?

Fundi_Valvu_Malindi
Waaleikum salaam. Ya Marekani itoe kwenye hesabu. Umeme wa kule ni volti 120 na hezi 60 (mitikisiko ya umeme kwa sekunde), wetu ni 240 na hezi 50. Volti utazishusha kwa transfoma, lakini hezi transfoma haizigusi, na mota za mashine hizi zinafuata hezi. Sahani ya 78 itazunguka mara 65 kwa dakika, ya 45 itakuwa 37 na nusu. Sauti yote itateremka na kuvutika. Dawa yake ni kuchongesha kapi jipya la mota, nene zaidi kwa sehemu moja ya tano, na huyo mchongaji umtafute. Isitoshe, RCA ndio walioleta sahani ya 45 mwaka 1949, na mashine zao nyingi za wakati huo zinapiga 45 tu. Hizo 78 za ami yako zitabaki kabatini.

BintiShela
Mimi niko upande wa Dansette. Unaifunga, unaishika mkono wake, unapanda nayo boti Mokowe bila kuomba msaada wa mtu. Ndani hamna mambo mengi: mara nyingi ni valvu ya ECL82 ya sauti na EZ80 ya kunyoosha umeme. Na karibu zote zina spidi ya 78.

Fundi_Valvu_Malindi
Dada, nakubali, ila kwa sharti moja. Kaka Mkomani, kabla hujatoa pesa, soma herufi ya kwanza kwenye valvu. E maana yake uzi wa ndani unatumia volti 6.3, na kwa kawaida kuna transfoma. Ukikuta U, kama UCL82 au UY85, nyuzi zimepangwa mfululizo na mara nyingi chasi imeshikana na umeme wa ukutani moja kwa moja. Skrubu ya kitasa ikiwa wazi, mtoto akaigusa, ni msiba. Mashine ya U mimi siipeleki kwenye nyumba yenye watoto.

Ami_Langoni
Wanangu, mnaipita Grundig haraka mno. Ile ina valvu ya EL84, spika kubwa na kabati la mbao linaloitika. Udi na fidla vinajaa chumba. Dansette haifiki hapo. Nyuma kuna swichi ya kuchagua volti, kwa hiyo 240 haiisumbui. Kwa taarab mimi sisiti. Tatizo ni kabati lenyewe. Lipige kwa vidole upande wa chini, ukiona unga wa mbao sakafuni ujue dumuzi wamo. Na mbao nyembamba ya juu hubanduka kwa unyevu wa masika. Tena ni mzigo wa watu wanne kutoka gatini hadi Mkomani, punda hapiti nayo kwenye vichochoro vyetu.

BintiShela
Na kichwa cha sindano je? Naona hakuna aliyekigusa, na kwetu pwani ndicho kinachokufa kwanza.

Fundi_Valvu_Malindi
Umesema kweli, na hili ni kubwa kuliko chapa. Vichwa vingi vya miaka ya 1950 vina kipande cha fuwele ya chumvi ya Rochelle. Chumvi hiyo inavuta maji ya hewani. Ukikifungua kichwa kilichokaa pwani miaka mingi, unakuta fuwele imelainika, imevimba, pengine imebaki uji mweupe. Mashine inawaka, valvu zinang'aa, sahani inazunguka, sauti hakuna au ni hafifu, halafu mtu analaumu valvu. Tafuta kichwa cha seramiki: hicho unyevu haukiozeshi, na nguvu yake inatosha kuendesha valvu ile ile. Usishawishiwe kuweka kichwa cha sumaku cha kisasa. Kinatoa milivolti chache tu, utalazimika kuongeza amplifaya nyingine kabla.
Angalia pia sindano iwe ya kugeuza, upande mmoja ncha ya 78, wa pili ncha ya LP (santuri ndefu za baadaye). Santuri kama za Siti binti Saad, alizorekodia kampuni ya HMV kule Bombay mwaka 1928, zina mifereji mipana na zinataka ncha ya sehemu 3 za elfu za inchi. Ncha ya LP ni sehemu 1 ya elfu. Ndani ya mfereji wa 78 inazama hadi chini na kukwaruza.

Mkomani_Santuri
Shukran sana. Nimepiga simu Mombasa: Dansette ina ECL82 na EZ80, na kichwa ni cha kugeuza. Mwenyewe anasema "inawaka vizuri".

Ami_Langoni
Haya, ichukue. Ila Grundig ya Malindi usiiache mkono, mwombe mwenyewe akusubiri.

Fundi_Valvu_Malindi
Ikifika usiichomeke ukutani. Kwanza badilisha kapasita za karatasi, hasa ile inayopeleka sauti kwenye gridi (mlango wa kuingilia sauti) ya valvu ya mwisho. Weka mpya ya volti 630. Ya zamani ikivuja, gridi inapata volti chanya, valvu inavuta umeme kupita kiasi hadi bati lake linakuwa jekundu, na transfoma ya spika inaungua pamoja nayo. Kisha iwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima. Na hata ukizima, kapasita kubwa bado zina chaji: zipime kwa mita kabla ya kutia mkono. Gurudumu la mpira linalozungusha sahani lisugue kwa msasa laini, ufute kwa spiriti, na grisi kavu ya mota uitoe yote kabla ya kutia mafuta mepesi. Kapasita za kubadilisha ninazo hapa Malindi, niandikie namba zilizo kwenye zile za zamani.