Namba 2,147,483,647 ilithibitishwaje kuwa tasa kabla ya kompyuta?

Swali
Ndugu zangu, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anayejifunza kuandika programu aliniuliza kwa nini programu yake inakwama ikifika 2,147,483,647. Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 32 pale biti moja inapotengwa kwa alama ya chanya au hasi, yaani 2^31 − 1 (2 kwa kipeo cha 31, toa 1). Nilipoongeza kwamba ni namba tasa, akauliza nimejuaje, nami nikakosa jibu. Ingekuwa si tasa, ingegawanyika kwa namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei, na namba tasa zilizo chini ya hapo zinazidi 4,700. Je, mwanahisabati Leonhard Euler, aliyelithibitisha jambo hili kufikia mwaka 1772, alizijaribu zote kwa mkono?

Jibu la kwanza
Hapana, Mwalimu, na hapo ndipo penye uzuri wa kazi yake. Chukua namba tasa p inayogawanya 2^31 − 1 bila baki. Basi 2^31 ikigawanywa kwa p hubakiza 1. Kanuni ya Fermat inasema kwamba 2^(p − 1) nayo hubakiza 1, na kwa kuwa 31 ni tasa, lazima 31 igawanye p − 1. Tena p ni witiri, kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 62.

Kuna chujio la pili. 2^32, ambayo ni mraba wa 2^16, hubakiza 2 ikigawanywa kwa p, na jambo hilo huwezekana tu ikiwa p hubakiza 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti yote, p ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo hadi 46,340 hazifiki 400, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo huachwa.

Jibu la pili
Mwache kijana ashike kalamu. Namba tasa ya kwanza ya kujaribu ni 311, yaani 248 + 63: mara 6,905,092 inatoa 2,147,483,612, baki 35. Inayofuata ni 1,303, nayo inabakiza 226.

Ila asidhani kwamba kipeo kikiwa tasa basi kazi imekwisha. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Na ona jinsi 22 na 88 zote zinavyogawanyika kwa 11, sawasawa na kanuni iliyoelezwa hapo juu.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Leo tumegawanya kwa 1,489 ubaoni, tukapata 1,442,232 na baki 199, na kijana amekwenda nyumbani na orodha ya zilizobaki.