MREJESHO: Tumbo linaloongezeka bila kula zaidi

Nirudi kwenu wapendwa. Niliuliza kwa nini nikiwa na miaka 47 tumbo linakua ilhali chakula ni kilekile, usingizi umekata na hasira ziko puani. Wengi mlinisisitiza nipime tezi ya shingo. Nimepima, iko sawa, na sukari pia.

Daktari alisema nimeanza kuelekea ukomo wa hedhi. Estrojeni, ile homoni ya kike, hupanda na kushuka ovyo, halafu hupungua, na mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na kwenye nyonga huhamia tumboni. Misuli nayo hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo mwili hutumia nishati kidogo. Ongeza msongo: kotisoli, homoni ya msongo, ikikaa juu muda mrefu, hamu ya vitu vitamu huja na usingizi huvurugika. Ukilala vibaya, kesho yake njaa haina adabu. Kwangu mimi jasho la usiku ndilo lililokuwa likianzisha yote.

Nikauliza tiba ya homoni. Hutuliza joto la ghafla na jasho, si dawa ya kupunguza uzito, na haimfai kila mwanamke, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Nimeanza na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito. Mzani haujasogea sana, ila sketi zinafunga na ninalala. Zile chai za "kusawazisha homoni" sijazigusa, mnisamehe.

Dada uliyeniuliza: damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, wahi hospitali.