AI kwenye simu inatumalizia chaji, au tunaisingizia?

Kipanga Mweusi (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tangu simu yangu ipokee apdeti iliyoleta mambo ya akili mnemba (AI), yaani kufupishiwa ujumbe, kufuta watu kwenye picha na kuandikiwa barua, chaji haifiki jioni. Simu imelala mezani, kioo kimezimwa, ukiishika mgongoni ni ya moto. Nimefungua ukurasa wa matumizi ya betri, nimekuta jina nisilolijua limekaa juu ya apu zote ninazozitumia. Swali: hii AI inakula chaji kweli na kuifanya simu iwe nzito, au betri yangu ndiyo imechoka? Tujadili bila matusi.

Mwanachipu
Si AI mkuu, ni apdeti. Mfumo ukisasishwa, simu inaanza kupitia picha zako zote upya: inatambua sura, inasoma maandishi yaliyomo kwenye picha, inapanga upya orodha ya kutafutia. Mwenye picha kibao simu itachemka siku mbili tatu, kisha inatulia. Halafu kazi hizo zinafanywa na NPU, sehemu ya chipu iliyoundwa kwa hesabu za aina hiyo tu. Huawei waliiweka kwenye chipu yao ya Kirin 970, Apple kwenye yao ya A11, wote 2017. Miaka yote hiyo unapiga picha za usiku kwa AI na hukuwahi kulalamika. Wanaomaliza chaji ni kioo na mtandao dhaifu. Na wale wazee wanaofagia apu kwa kidole, kuzitoa kwenye orodha ya zilizofunguliwa, kila dakika wakidhani wanaokoa betri, hao wanajimalizia wenyewe.

Bi Mkasi
Wazee? Mimi nafagia apu kila nikimaliza kutumia, na simu yangu ina umri kuliko akaunti yako humu. Chaji inafika usiku. Hebu nieleze nimemaliza nini.

Mwanachipu
Bibie, apu kuonekana kwenye ile orodha si kwamba inafanya kazi. Mara nyingi mfumo umeshaisimamisha. Ukiifagia, kesho inaanza kupakiwa toka mwanzo, na hapo ndipo chaji inapoondoka. Apple wenyewe kwenye maelekezo yao wanasema funga apu pale tu inapogoma kuitika.

Chura wa Kisimani
Hayo ya kwenye maelekezo. Kuna apu ukiiacha wazi inaulizia mahali ulipo usiku kucha. Nafagia na nitaendelea kufagia.

Mwanachipu
Hiyo inazuiwa kwenye ruhusa za apu. Kidole hakiizuii.

Bi Mkasi
La wazee hujalijibu.

Nahodha Mstaafu
Nimekuja kusoma habari za AI nimekuta vita vya ufagio. Endeleeni, nimekaa pale.

Tundu la Sindano
Tumrudie mleta mada. Mnaizungumzia NPU kana kwamba shida ni hesabu. Shida ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo apu zinakaa zikiwa zinatumika. Chukueni Gemini Nano ya Google, modeli ya AI inayofanya kazi ndani ya simu, ile kubwa kati ya zile mbili za kwanza: ina vigezo, yaani namba ilizojifunza, bilioni 3.25. Ibane mpaka kila kigezo kitumie biti 4, bado ni zaidi ya GB 1.6 ambazo lazima zikae kwenye RAM ikiwa unataka ikujibu hapohapo. Na kwa kila kipande cha neno inachokuandikia, chipu inasoma karibu modeli nzima upya kutoka kwenye RAM. Kusoma huko ndiko kunakokula umeme na kuleta joto.

Sasa, hizo GB zikishakaliwa, apu zako ndizo zinazotolewa nje. Ulikuwa unajaza fomu, ukatoka kidogo kunakili namba kwenye ujumbe, unarudi unakuta ukurasa unapakiwa upya na uliyoandika yote hayapo. Wengi wakikutana na hilo wanasema simu imekuwa nzito, kumbe chipu iko vizuri tu. Ndiyo maana Apple Intelligence, AI ya Apple, ilipoanza 2024 haikushuka chini ya iPhone 15 Pro yenye GB 8. Google nao waliiweka Nano kwenye Pixel 8 Pro yenye GB 12, wakasita kuiweka kwenye Pixel 8 ya kawaida yenye GB 8, mpaka 2024 walipoipitishia mlango wa nyuma, kwenye mipangilio ya watengenezaji programu.

Chura wa Kisimani
Kwa hiyo RAM ikijaa mtu afagie. Bi Mkasi kashinda.

Tundu la Sindano
Wapi nimesema hivyo jamani? Mfumo unatoa apu wenyewe, haukusubiri wewe.

Mwanachipu
Na hiyo modeli haimo kwenye orodha mnayoifagia. Mtafagia sebule nzima, mgeni kajificha chumbani.

Bi Mkasi
Asante Chura. Wengine wana povu tu.

Kibao Kata
Mnabishana bure. Hawa jamaa wanafanya makusudi tununue simu mpya. Apple si waliwahi kupunguza kasi ya simu za zamani? Nadhani 2018, wakapigwa faini Ulaya nzima.

Tundu la Sindano
Walikiri Desemba 2017. Na si Ulaya nzima: Italia iliwatoza euro milioni 10 mwaka 2018, Ufaransa milioni 25 mwaka 2020. Sababu waliyotoa ni kwamba betri zikichoka simu ilikuwa inazima ghafla, ikabidi wapunguze kasi. Ufaransa walichowabana nacho ni kutowaambia wenye simu. Na Italia, siku hiyohiyo, iliwatoza Samsung milioni 5. Msimalizie hasira kwa mmoja.

Kipanga Mweusi
Ndicho ninachokisema tangu mwanzo! Kutuwashia vitu bila kutuuliza.

Nahodha Mstaafu
Tangu mwanzo uliuliza betri, mkuu.

Kipanga Mweusi
Ni kitu kilekile. Apple walipotoa iOS 18.3, apdeti ya mfumo wa iPhone, Januari 2025, wakaanza kuiwasha AI wenyewe kwenye simu zinazoiweza. Asiyetaka atafute pa kuizimia. Kwanini isiwe kinyume?

Mwanachipu
Kwa sababu AI hiyohiyo inakuokolea chaji na hujui. Android 9, mwaka 2018, Google wakishirikiana na DeepMind, kampuni yao ya AI, walileta betri inayojifunza ni apu zipi huzigusi, ikazibana. Nayo uzime?

Kibao Kata
Umetumwa wewe.

Mwanachipu
Ningekuwa nimetumwa ningekuwa nalipwa, na nisingekuwa humu nabishana na wewe. Kipanga, kama unataka msaada: iache simu kwenye chaji na Wi-Fi usiku, usiigusiguse, imalize kupanga picha zake. Halafu angalia tena lile jina. Likibaki juu, hapo una hoja. Na ukiwa unaichaji itoe kwenye kava, joto ndilo linalozeesha betri za lithiamu.

Kipanga Mweusi
Sikuomba msaada wa kava. Napiga kura. Anayetaka AI yote izimwe mpaka mwenye simu aiwashe mwenyewe, aandike NDIYO.

Bi Mkasi
NDIYO.

Chura wa Kisimani
NDIYO, na irudishe GB zangu.

Kibao Kata
NDIYO mara mia.

Ukimya
Mimi sisikii. Simu yangu inageuza sauti kuwa maandishi papo kwa papo, ndani ya simu yenyewe, bila intaneti. Google waliileta 2019. Hiyo nayo ni AI. Inakula chaji, najua, naiwasha kutwa nzima na natembea na pawabenki. Mkipiga kura ya kuzima "yote", mmeshajua mnazima nini?

Kipanga Mweusi
Sikumaanisha hiyo, ndugu yangu. Nabadilisha kura: izimwe yote isipokuwa ya wenye ulemavu.

Ukimya
Ipi ni ya wenye ulemavu? Kufupishiwa ujumbe, unakokulalamikia wewe, kunamfaa anayepata shida kusoma. Simu kukueleza kilichomo kwenye picha kunamfaa asiyeona. Nani atachambua?

Tundu la Sindano
Njia ipo. Modeli isikae kwenye RAM kutwa. Ukiiita ipakiwe, ukimaliza itoke.

Mwanachipu
Ikipakiwa kila ukiiita utasubiri kabla haijakujibu, na mtakuja kufungua uzi mwingine kwamba simu zimekuwa nzito.

Bi Mkasi
Nitasubiri. Sina haraka.