Baba mkwe anataka kumfundisha mwanangu wa miaka 6 kulenga shabaha. Naombeni ushauri

BabaZuberi:
Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumapili. Naishi Texas, si mbali na Fort Worth, huu mwaka wa tisa. Mke wangu ni mwenyeji wa huku. Mtoto wetu ametimiza miaka 6 mwezi uliopita, na babu yake mzaa mama, mwenye shamba la ng'ombe, amemnunulia bunduki ndogo ya .22, ile ya watoto inayoingia risasi moja moja. Anasema yeye alianza na umri huohuo, mke wangu naye hivyohivyo, sasa ni zamu ya mjukuu.

Mimi nimekulia vijijini Tanga. Bunduki niliyoijua ni gobore la mzee mmoja la kufukuzia nguruwe shambani, na sisi watoto tulikatazwa hata kukanyaga baraza ya nyumba yake. Mkwe ni mtu makini, ananiheshimu, sitaki kumvunjia adabu. Ila nataka kujua sheria inasemaje, mtoto anaweza kuumia kwa namna gani, na mimi mwenye grini kadi nikiishika hiyo bunduki ni salama? Wenye uzoefu nisaidieni.

MkongweHouston:
Mkuu, kwanza tulia, maana neno liko kwako na mkeo. Texas haina umri wa chini wa mtoto kufyatua bunduki ndefu akiwa na mtu mzima. Lakini kumpa bunduki mtoto wa chini ya miaka 18 bila ridhaa ya mzazi ni kosa, hata kama anayempa ni babu. Kwa hiyo huyo mzee anakuhitaji.

Pili ni kifungu cha 46.13 cha sheria ya jinai ya Texas. Mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi kwa sababu wewe hukuifungia, kosa ni lako. Akiifyatua na kujiua, kuua au kujeruhi mtu vibaya, ni hadi mwaka mmoja jela na faini hadi dola 4,000. Utetezi mmojawapo ni kwamba alikuwa anasimamiwa na mtu wa zaidi ya miaka 18, kwa uwindaji, michezo au jambo jingine halali. Msimamizi aliyeingia ndani kuchukua soda hasimamii.

Bastola mwambie mzee asahau kabisa. Sheria ya taifa inataka aliye chini ya miaka 18 awe na idhini ya mzazi kwa maandishi hata kwa mazoezi ya shabaha, na kwa mkono wa miaka 6 haifai hata ukiandika idhini kumi. Mwaka 2014 huko Arizona binti wa miaka 9 alipewa Uzi, bunduki fupi ya rashasha, kwenye kiwanja cha shabaha, ikamshinda nguvu, ikamuua mwalimu aliyesimama pembeni yake.

Msomi_Dallas:
Kuhusu grini kadi: mkazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki na kushika. Wanaopaswa kuogopa ni sisi wa viza za muda, za masomo na matembezi. Sheria ya taifa inatukataza kushika silaha na hata risasi zenyewe, isipokuwa wachache, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Rafiki akikualika kiwanjani upige picha umeshika bunduki, kataa.

Lakini hata wewe, mkuu, usijione umevuka. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Mkeo atapigwa faini yaishe, wewe unaweza kupandishwa ndege.

KurutaZamani:
Nilipita JKT Mgambo, na ninalokumbuka ni siku nyingi tulizoshika bunduki tupu kabla ya kupewa risasi hata moja. Mtutu hauelekezwi kwa mtu. Kidole kiko nje ya trigga mpaka umelenga. Kila bunduki ina risasi mpaka uifungue chemba uone mwenyewe. Na ujue nyuma ya shabaha kuna nini, maana .22 ni ndogo lakini inasafiri zaidi ya kilomita moja.

Umri usikusumbue sana. Jaribu hivi: mtoto anakimbia uwanjani, mwambie "simama!" Akisimama papo hapo, kila siku, hata akiwa amekasirika, hapo mnaweza kuanza kuongea. Wangu wa kwanza aliweza akiwa na miaka 8. Wa pili ana 11 na bado sijampa.

Furaha_Abilene:
Ndugu yangu, mimi natoka Uvira. Kwetu kuna neno "kadogo", na kila Mkongomani wa umri wangu anajua lilimaanisha nini mwaka 1996: watoto waliopewa bunduki kabla hawajaota ndevu. Najua shamba la mkweo si vita. Lakini mwanangu aliporudi kutoka kwa jirani akisema ameshika bunduki, nilikaa chini nikalia. Hukumkosea mtu ukisema "bado". Miaka 6 anajifunza kusoma. Babu amfundishe kuvua samaki, bunduki itamngoja.

NesiMamaTatu:
Dada Furaha, nakuelewa, na pole. BabaZuberi, hapa nasema kama nesi.

Lugha yetu imeshakuonya: risasi inaitwa risasi kwa sababu ni madini ya risasi. Vumbi lake linatoka na moshi, linakaa kwenye vidole na nguo, mtoto anapeleka mkono mdomoni. Huku daktari huchukua hatua damu ya mtoto ikifika mikrogramu 3.5 kwa desilita, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Basi iwe nje, si ndani ya jengo. Asiokote maganda. Hakuna kula pale. Mikono kwa sabuni na maji, nguo zifuliwe peke yake.

Masikio: mlio wa .22 unaweza kukaribia desibeli 140, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asipigwe na mlio wa ghafla unaozidi 120. Vizibo ndani, vifunika masikio juu yake. Miwani pia.

Na hiyo bunduki isilale kwenu. Aprili 2013 kule Kentucky, mvulana wa miaka 5 alimuua dada yake wa miaka 2 kwa bunduki ya watoto kama hiyo. Ilikuwa imeegeshwa kwenye kona, wazazi hawakujua ina risasi ndani.

MkongweHouston:
Nyongeza. Kagueni mifuko ya mtoto kabla ya shule na kabla ya safari ya nyumbani. Risasi moja iliyosahaulika kwenye begi, ukaguliwe uwanja wa ndege Dar, ni kesi ya silaha.

BabaZuberi:
Nimesoma kila neno, ahsanteni sana. Nilimpitishia mke wangu kwanza, mkwe hapingwi mbele ya watu. Jana tulikaa watatu. Nilipomweleza habari ya Kentucky alinyamaza muda mrefu, kisha akakiri kwamba bunduki zake nyingine ziko nyuma ya mlango wa jikoni. Miaka yote mwanangu amekuwa akilala nyumba ile.

Leo ameagiza sefu, risasi zitakaa kwenye kasha lake lenye kufuli. Ya mtoto inabaki shambani. Mimi ndiye nitakayefundishwa kwanza, na mtoto atafanyiwa jaribio la "simama" mpaka mwakani, ndipo tukae tena. Nesi, hivyo vifunika masikio vya kichwa kidogo hukaza? Vya babu yake vinamwanguka.

NesiMamaTatu:
Vipo vya watoto, nenda naye avijaribu dukani. Kimguse kichwa pande zote, kama kuna upenyo hata wa nywele nyingi au mkono wa miwani, sauti inapita. Na wewe usisahau vyako.