Mafundi watatu, bei tatu za kufunga antena ya TV: ipi ni ya haki?

Sebule_Chumba:
Wakuu, habari zenu. Nataka kufunga antena ya nje. Nyumba ya chini, paa la vigae, TV mbili: moja sebuleni, nyingine chumbani. Nimeita mafundi watatu na kila mmoja kaja na lake. Tusisumbuane na sarafu, bei ya wa kwanza tuiite 100.

Fundi A: 100. Meseji yake ina maneno mawili, "Antena kamili." Alisimama getini, akaliangalia paa, akataja bei.
Fundi B: 165. Kaleta karatasi: antena, nguzo, mita 25 za kebo, kigawanyaji (cha kugawa mawimbi kwa TV mbili), kazi. Alikuja na kifaa akapima mawimbi.
Fundi C: hana jumla. Anatoza kwa saa, vifaa ninunue mwenyewe.

Mke wangu anasema B anatupiga. Nyie mngemchukua nani?

Kebo75:
Mkuu, hapo huna bei tatu, una bei moja tu, ya B. "Antena kamili" ni kamili kwa nani? Muulize A mambo manne: nguzo imo? TV ya chumbani imo? Kebo mita ngapi, na ya aina gani? Mawimbi yakikosekana baada ya kufunga, nani anarudi kwa gharama ya nani? Akishajibu ndiyo ulinganishe.

Na kebo usiidharau. Iwe ya ohm 75 (kipimo cha kebo za TV), ndani iwe na karatasi ya foili pamoja na wavu mnene. Ile ya bei ya kutupa, ukiichuna unakuta nyuzi za wavu za kuhesabu kwa vidole. Hiyo inaokota kelele za kila kitu nyumbani.

Ngazi_Mbili:
Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mnisamehe nikivutia upande wa mafundi. Antena yenyewe mara nyingi siyo inayokula hela. Hela inaliwa na paa na njia ya kebo. Vigae vinavunjika ukivikanyaga vibaya, na kigae kimoja kikipasuka utakijua siku ya mvua. Halafu kuna kutambaa darini kuipeleka kebo chumba cha pili bila kuiacha inaning'inia ukutani kama kamba ya kuanikia nguo. Hapo saa nzima au zaidi inakwenda, na mwenye nyumba haioni.

Huyu B aliyepima, mwambie akupe namba. Mawimbi yakifika kwenye TV yakiwa kati ya dBµV (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 45 na 70 hivi, na kipimo cha ubora kimetulia, uko vizuri. Kigawanyaji cha njia mbili kinakula karibu dB 4 kwa kila TV, na mita 25 za kebo nzuri zinakula nyingine 4 au 5. Kwa hiyo aliyepima anaweza kukwambia mapema kama utahitaji busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Ambaye hakupima anakisia, na akikosea atakuuzia busta baadaye.

Mama_Pacha:
Hilo la busta limenikuta mimi. Nilimchukua wa bei ya chini. Wiki ya kwanza safi, ya pili picha ikaanza kugandaganda, sauti inakatika katikati ya sentensi. Kumwita, akasema mawimbi ni hafifu, nunua busta. Nikanunua. Chaneli mbili zikapotea kabisa! Akaja na busta kubwa zaidi, na kila safari analipwa nauli na ufundi.

Mwisho nikaita mwingine. Huyo hakupanda paani kwanza. Alifungua konekta ya nyuma ya TV akaniita niangalie: kinyuzi kimoja cha ule wavu wa nje, chembamba kama unywele, kimejipinda na kugusa waya wa katikati. Akakata kebo, akachuna upya, akatoa busta zote mbili. Dakika kumi. Jumlisheni wenyewe "rahisi" yangu ilifika wapi.

Ngazi_Mbili:
Dada, pole. Na busta haitengenezi mawimbi, inakuza yaliyopo pamoja na kelele zake. Mawimbi yakizidi, TV inalewa, chaneli zinapotea hivyohivyo.

Mpenda_Hesabu:
Mbona C mnamruka? Kulipa kwa saa si vibaya kama paa linafikika na kazi inajulikana, ila mwekee kikomo: "ikizidi saa tatu tunaongea kwanza." Kinachonitia shaka ni vifaa kununua mwenyewe. Antena ikigoma, fundi atasema kifaa chako kibovu, dukani watasema fundi wako ndiye mbovu. Na huko dukani utauziwa "antena ya digitali ya 4K" kwa bei ya juu. Antena haijui 4K ni nini. Inachojua ni masafa: kama chaneli zenu ni za UHF (masafa yanayotumiwa na TV nyingi), antena yoyote nzuri ya UHF inatosha.

Na B naye si malaika. Mita 25 kazipata wapi? Pimeni.

Sebule_Chumba:
Wakuu, nimerudi. A kajibu: nguzo haimo, TV ya pili haimo. Ukiviongeza anafika 150, na akirudi kurekebisha analipwa. C nimemwacha.

Tumepima njia ya kebo kwa kamba, mke wangu kashika mwisho mmoja: mita 17. B nikampigia, akacheka, akasema huwa anaandika ya kuzidi ili asikwame juu ya paa. Kashuka hadi 155, kaongeza kwa maandishi kwamba ndani ya mwaka mmoja akiitwa kwa kosa la ufungaji halipwi. Namba aliyopima ni dBµV 58 juu ya paa, bila busta. Anakuja Jumamosi.

Ngazi_Mbili:
58 toa 4 za kigawanyaji, toa 3 za kebo, TV inabaki na 51 hivi. Busta ya nini? Akitoboa ukuta, tundu liinamie nje, na kebo ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, maji yadondokee hapo. Mwambie kabla hajawasha drili.